Kujitolea kwenye mikoko: soma hii kabla hujaingia topeni

Watu wengi wakisikia kujitolea kwenye mikoko wanafikiria ni mambo ya asubuhi moja, unavaa tisheti ya kikundi, unachomeka miche kadhaa, unapigwa picha na tope mpaka kwenye nyusi halafu huyoo unarudi mjini. Hiyo ipo na hakuna anayeikataza. Lakini kikundi chochote cha pwani kitakwambia (wakishakuzoea lakini, mgeni hawamwambii) kwamba siku ya kupanda watu hawajawahi kukosekana, wanaokosekana ni wa kuja kuhesabu ile miche miezi sita baadaye, wa kujaza udongo kwenye tyubu (vile vijifuko vya kukuzia miche), wa kutoa nyavu zilizojisokota kwenye miche, wa kubeba jerikeni za maji. Kwahivo hapa naongea na yule anayetaka wakimuona tena wamkumbuke jina. Naongelea pwani ya Kenya manake ndiko ninakokujua, ila wa Tanga, Rufiji na Unguja naamini mtayakuta yale yale.

Tafuta kikundi kwanza, usijipandie

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwahivo hata kama ghuba iko nyuma ya nyumba yenu huwezi kuamka tu ukaenda kukata ama kupanda utakavyo. Sheria ya misitu ya 2005, halafu ya 2016, ndio zilizowapa wanajamii njia ya kusimamia msitu pamoja na KFS (shirika la misitu la serikali), wanajiandikisha kama CFA, yaani chama cha wanajamii cha msitu, halafu wanawekeana mkataba. Ukiingia kupitia kikundi unakuwa ndani ya mpango huo, na pia kuna wazee na kina mama pale ambao wanajua kila mkondo unapita wapi, kitu ambacho we hutakipata kwa ramani ya simu.

Vikundi viko vingi kuliko unavyodhania. Gazi kule Kwale ndio maarufu, kikundi cha Mikoko Pamoja kilianza kuuza kaboni 2013 (yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti inaifyonza), ni hekta 117 za mikoko zinazoangaliwa na vijiji vya Gazi na Makongeni, na 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Pesa ya kaboni inarudi kijijini kwa maji, vitabu vya shule na vitu kama hivo, na wanakijiji wenyewe ndio wanaokaa kikao kuamua. Ukishuka kusini zaidi karibu na mpaka kuna Vanga Blue Forest, ya Vanga, Jimbo na Kiwegu, hii ni kubwa zaidi, hekta 460. Kaskazini kuna Mida Creek pale Watamu. Na wewe wa Mombasa usiseme huna nauli, mikoko iko Tudor, iko Mikindani, iko Jomvu, na hii ya mjini ndio inayoumia zaidi manake takataka zote za mitaa zinaishia humo.

Kama hujui uanzie wapi nenda bandarini wanaposhusha samaki uulize ofisi ya BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo), ama nenda ofisi ya KFS ya kaunti, ama pale Gazi kuna kituo cha KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, ambacho kimefanya utafiti wa mikoko miaka na miaka. Ukifika kijijini usianze na "mi nimekuja kuvolontia". Anza na salamu, shikamoo kwa wakubwa, hodi, uulizwe umetoka kwa nani na unakaa wapi, ujibu vizuri, ndio ueleze shida yako. Hiyo dakika kumi ya salamu si kupoteza wakati, hapo ndipo wanakupima.

Na wewe pia wapime, kwa heshima. Uliza miche ya mwaka jana ilibaki mingapi. Kikundi kizuri kitakwambia ukweli, hata kama ni "ile ya upande ule ilikufa yote", na watakwambia kwanini. Kikundi ambacho kinakutajia tu idadi iliyopandwa na hawana habari ya iliyoishi, hapo sitakwambia usiende, ila jua unaenda kwenye picha.

Kalenda yako sasa ni mwezi

Hili ndio linalowasumbua watu wa ofisini. Mtu anaandika "niko free Jumamosi saa tatu". Sawa, bahari je? Kazi nyingi za mikoko zinafanywa maji yakipwa, na maji hayajui wikendi.

Iko hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndio bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati yake ndio maji mafu, yanajaa kidogo yanapwa kidogo. Pwani yetu siku za bamvua maji yanapwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, sijui kama ni bahati ama nini lakini ni saa nzuri sana kwa kazi, unaingia saa mbili na nusu hivi ukiyafuata yakitoka, unafanya kazi, saa tano na kitu unaanza kutoka. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwahivo ukipanga wiki ijayo ukidhani ni saa ile ile utakuta miti imesimama ndani ya maji na kikundi kimekaa barazani kinakungoja bahari ikuelimishe. Kuna majedwali ya maji kwenye simu, yatumie, ila mvuvi mzee akikwambia saa tofauti na simu msikilize mvuvi.

Na hapa pa kutoka sikiliza vizuri. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele, yanaanza kwa mikondo. Unaweza kuwa umesimama pakavu kabisa unaendelea na kazi yako, kumbe mkondo ulioupita asubuhi maji yakiwa kifundoni nyuma yako sasa umeshafika kiunoni. Kiongozi akisema tutoke, mnatoka, hakuna "namalizia huu mstari". Asiyejua kuogelea aseme mapema, si aibu, wapo wengi hata waliozaliwa hapo hapo pwani.

Kuna na kalenda nyingine. Ijumaa adhuhuri hakuna kazi, watu wako msikitini. Ramadhani kazi inapunguzwa ama inafanywa asubuhi sana na hutakula wala kunywa mbele za watu waliofunga, hata kama jua linakuchoma, sogea pembeni. Mvua za masika ndio wakati ambao miche inapandwa kwa wingi manake chumvi ya udongo inapungua na jua si kali, kwahivo kama unataka kuonja upandaji ulizia kuanzia mwezi wa tatu.

Viatu na mzigo

Gambuti acha nyumbani. Najua zinaonekana ndio zenyewe, lakini tope la mikoko linashika gambuti linabaki nayo, wewe unatoka na soksi. Wenyeji wengi wanaingia pekupeku na nyayo zao zimeshazoea, zako bado, na kwenye ile mizizi kuna chaza wakali kama wembe. Vaa raba kuukuu za kamba, uzifunge mpaka zikubane, na soksi ndefu. Suruali nyepesi ndefu ama leso juu ya suruali kwa kina dada, hapo unapata mambo mawili, mbu na visubi hawakupati na pia umejistiri, vijiji vingi vya huku kaptula fupi itafanya watu wasikuangalie usoni mkiongea. Mikono mirefu, kofia, maji lita mbili kwa chupa ya kujaza tena manake plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye misitu na fukwe za hifadhi Kenya tangu Juni 2020, na itakuwa kichekesho we uje kuokota chupa na chupa yako mkononi.

Simu iwekwe kwa mfuko usioingia maji, na ukikatwa na chaza osha kwa maji safi saa hiyo hiyo, usingoje ufike nyumbani, vidonda vya tope vinaoza haraka. Kama hujadungwa sindano ya pepopunda miaka mingi pitia zahanati kabla. Ukivuka mkondo wa mchanga buruta miguu, usikanyage kwa kuinua, samaki anayeitwa taa hujilaza chini pale na ukimgusa kwa ubavu anahama zake, ukimkanyaga mgongoni ndio anakupa mwiba.

Ijue miti hata kama utasahau nusu

Kenya ina aina tisa za mikoko na huhitaji zote siku ya kwanza. Hizi tano zinakutosha kuanzia. Mlilana unasimama mbele kabisa kwenye bahari na mizizi yake inachomoza juu kama vigingi vinene. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kupinda iliyokanyaga tope kwa miguu mingi, unafuata nyuma yake. Halafu muia na mkandaa, huu mkandaa ndio ambao ganda lake lilikuwa linatoa rangi ya kutia ngozi. Mchu unapatikana juu huku kwenye nchi kavu penye chumvi kali, ukiangalia jani lake kwa karibu utaona chumvi imeganda, lamba ujionee.

Sababu ya kujua haya ni hii: kila mti una mahali pake, na kufa kwa miche mingi kunatokana na kupanda mti usio wake pahali pasipo pake. Kwanini inatokea? Kwa sababu mkoko ni rahisi. Mbegu yake imeshaota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama fimbo ya kijani, unaichukua unaichomeka topeni basi. Kwahivo wanaokuja kwa haraka wanapanda mkoko kila mahali, mpaka kwenye uwanja wa tope wa wazi mbele ya mlilana ambako haujawahi kuota mti tangu enzi za mababu, wanafunika hata majani ya bahari, wimbi likija mara tatu kwisha. Mi nionavyo hela nyingi sana za upandaji mikoko dunia hii zimeingia baharini kwa njia hiyo.

Kikundi kinachojua kazi kinaanza na swali: hapa mbona hapana miti? Kama palikatwa miti na mbegu bado zinaletwa na maji, paacheni mpige uzio wa maneno watu wasikate, patajijaza penyewe. Kama maji hayafiki kwa sababu mtu alijenga tuta ama barabara, kazi ni kufungua mkondo kwa majembe, kupanda baadaye. Mwache kule Mombasa mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, udongo ulishuka na mto ukafukia mizizi inayopumua, sasa pahali kama hapo huwezi kupanda tu juu ukategemea dua.

Mkikubaliana kwamba panapandwa, basi. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale juu inaposhikana na tunda, ukiigusa inaachia yenyewe. Ukiivuta ikakataa iache, bado. Zilizoanguka chini ziangalie kama zina matundu ya wadudu. Beba zikiwa kivulini zimefunikwa majani mabichi, zisilale juani kwenye mtumbwi. Kupanda unachomeka ile ncha ya chini kama theluthi ya urefu, wima, usiipigilie kwa nguvu, ukajaza tope kwa vidole. Nafasi mara nyingi ni mita moja kwa mita moja na watakupa kamba yenye mafundo. Usigeuze juu chini, unacheka lakini kwenye siku za watu wengi huwa zinaonekana zimesimama kwa kichwa.

Mchu na mkandaa mara nyingi zinapitia kitaluni kwanza. Mbegu ya mchu ni ndogo kama haragwe bapa, inalowekwa mpaka ganda livuke, ndio inawekwa kwenye tyubu ya tope. Kazi ya kitalu haina utukufu wowote, mmekaa kivulini mnajaza tope kwenye vijifuko na hadithi zinaenda, lakini nikikushauri siku ya kwanza omba hapo. Utajua majina ya watu, utajua nani kamkasirikia nani, utapewa chai na mahamri, na hakuna bamvua linalokukimbiza.

Kazi ambazo wanakuombea usizikatae

Kuhesabu. Hii ndio naisisitiza mpaka mnichoke. Mnaweka kamba ya mraba wa mita kumi kwa kumi, mnaingia, mnahesabu miche kwa kimo: iliyo chini ya sentimita 40, ya 40 mpaka 150, na ya 150 mpaka mita tatu. Miti mikubwa inapimwa unene kwa utepe kwenye kimo cha mita 1.3, ila mkoko wenye mizizi ya kupanda juu unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo unapima mizizi badala ya shina. Mmoja anapima anapiga kelele namba, mwingine anaandika, na anayeandika airudie ile namba kwa sauti manake upepo na mbu vinapoteza namba nyingi. Tumia penseli na karatasi ngumu, kalamu ya wino inalia machozi ikiingia maji. Kama we unajua kompyuta vizuri jitolee kuingiza hizo karatasi kwenye ekseli jioni, ntakwambia vikundi vina maboksi ya karatasi zilizolowa ambazo hazijaingizwa popote, na pasipo hizo namba hawawezi kumuonyesha mfadhili ama mnunuzi wa kaboni kitu.

Kutoa taka. Usikimbilie chupa kubwa zinazoonekana, anza na kamba, nyavu na mifuko iliyojifunga kwenye miche midogo, hizo ndio zinavunja. Kata kwa kisu taratibu, ukivuta unang'oa na mche. Malapa utayaokota mpaka ushangae watu wanatembeaje nyumbani, kule Lamu waliyeyusha plastiki za kuokota wakaunda jahazi zima na kulifunika kwa malapa, Flipflopi, likasafiri mpaka Unguja 2019. Pimeni na mzigo mkimaliza, andikeni.

Kulinda miche na wadudu. Kaa wanakata mbegu change, na tondo nao wanazitafuna zikiwa laini. Chaza wadogo wanajigandisha kwenye shina mpaka linainama. Kikundi kina njia zake, wengine wanakwangua kwa kijiti, wengine wanasema acha, fuata mwenyeji.

Doria ni kazi ya wenyewe pamoja na askari wa misitu. Ukikuta mtu anakata usimkabili, usimpige picha usoni, mwambie kiongozi wako. Anaweza kuwa ana leseni ya boriti na fito za kujengea, anaweza kuwa jirani wa hao hao mliokuja nao ambaye hana gesi na nyumbani hapajapikwa, na ukishaondoka wewe wao ndio wanaobaki wanaonana kila siku kisimani.

Hela, picha na maneno

Uliza mapema mchango. Kujitolea hakumaanishi kikundi kikulishe, mama anayepika anatumia mafuta na samaki wake, boti inakula petroli. Vikundi vingine vina kiwango, vingine wataona haya kukutajia, kwahivo we ndio uulize "chakula na usafiri tunachangiaje" na umpe mweka hazina, si kumpa mtu pembeni kimya kimya, hiyo inaleta maneno. Pale Gazi kuna daraja la mbao la kina mama linaloingia ndani ya mikoko, wageni wanalipa kulipita na wanapikiwa, wapeleke jamaa zako huko wanaotaka kuona mikoko bila tope.

Picha uliza, hasa kina mama na watoto, na ukiambiwa hapana ni hapana. Droni ina sheria zake Kenya na ruhusa, usije nayo tu begani. Ukiposti mtaje kikundi na usiandike "nimepanda msitu". Na usitoe ahadi. Huku wageni wameahidi boti, kompyuta, mpaka hospitali, watu wamejifunza kusema inshallah na kuendelea na kazi zao. Kama unaweza kuleta penseli mbili za kuandikia namba, leta penseli mbili.

Mwisho kwa wale wanaotaka kuleta shule ama watu wa kazini, ongeeni na kikundi kama mwezi mzima kabla ili mpangiwe bamvua la mchana na kitalu kiwe na miche ya kutosha. Msizidi watu thelathini kwa eneo moja manake miguu ya watu wengi inakanyaga miche iliyoota yenyewe kuliko mnayoileta, gawaneni, nusu waende topeni nusu wabaki kitaluni halafu mbadilishane maji yakiruhusu. Na kabla hamjaondoka siku hiyo hiyo chagueni watu wanne watano wa kurudi baada ya miezi sita na ile kamba ya mraba, muwape kikundi majina na namba zao za simu, na nauli yao itolewe kwenye ule mchango wa siku ya kwanza.